Ameikalia

Saa 2:10 asubuhi

Mwanamke aliingia bila kubisha hodi. Shoka, mkubwa wa genge, alikuwa amepanga njiti za kiberiti mezani: geti, ngazi, sebule. Mkono wake ukashuka kiunoni.

Mgeni alimnyooshea kidole Koleo, fundi wa kufuli. Jana alimwona akikandamiza ufunguo wa geti la marehemu mama yake kwenye sabuni, ili achonge mwingine. Hakuja kushtaki, alisema. Kaka zake walimfukuza udongo wa kaburi haujakauka, na leo wako mahakamani wakiigombea nyumba.

Akaweka simu mezani. Kwenye kioo, picha ya kuchorwa kwa rangi: bibi kitini, mgongo wima, macho makavu. Imetundikwa sebuleni.

"Mnatafuta sefu. Haipo. Watu husifu heshima ya mama hapa, lakini mama hakuwa akikaa hivi. Tazameni mkono wa kushoto. Amekishika kiti kama mtu aliyeshika mtoto sokoni. Dhahabu ameikalia."

Shoka akacheka. "Nawe wataka nini, dada?"

"Picha."

Shoka akasema ataletewa, na maua juu yake. Mwanamke alimtazama Koleo peke yake, mpaka Koleo akasema, "Nitakuletea. Ningoje nje ya ukuta wa nyuma."

Saa 4:05

Ufunguo uliingia bila ubishi. Shoka alimpiga mlinzi kwa kitako cha bastola, akampiga tena alipokuwa keshaanguka. Jino likateleza sakafuni.

Saa 4:12

Koleo alipasua kiti. Chini ya sponji, bangili na mikufu iliyoviringwa kwenye matambara. Akaiendea picha. Haikuzidi sinia kwa ukubwa.

"Acha takataka hiyo."

"Nilimwahidi."

Shoka akachomoa kisu, akampasua bibi kutoka jichoni hadi kidevuni. "Haya, mpelekee. Tuone heshima imebaki wapi."

Kisha akampiga Koleo risasi ya goti.

"Askari nao wapate wa kushika. Ukinitaja, wanao nawajua wanasoma wapi."

Saa 4:16

Gari likaondoka. King'ora kikaanza mbali. Geti la mbele lilikuwa wazi, hatua kumi tu, na ng'ambo yake vichaka vya kumficha mtu. Ukuta wa nyuma ulikuwa mwisho wa ua.

Koleo alitambaa kwenda nyuma, picha kifuani. Akajivuta kwa bomba la maji, akaipitisha juu ya ukuta. Mikono miwili ikaipokea.

"Imechanika, dada."

"Nimeona. Na wewe je?"

"Nenda."

Akaketi, mgongo ukutani, akisikiliza hatua za mwanamke zikienda bila haraka, mpaka buti za askari zikazifunika.