Sanduku Jipya la Shangazi

“Mgonjwa anasafiri leo. Mwacheni apite.”

Simu ikakatika.

Sindano aliirudisha mfukoni. Lugha ya Mzee, mkuu wake katika kikosi cha siri cha kuwinda walanguzi, aliijua vizuri. Mgonjwa ni sanduku. Mwacheni apite, yaani abiria mwenye sanduku asiambiwe kitu. Apande ndege, atue Vietnam, watakaokuja kulipokea wanaswe huko huko.

Na abiria je? Hakutajwa.

Abiria alikuwa shangazi yake.

Si shangazi wa kuitwa kwa heshima tu. Dada wa baba, tumbo moja, aliyemlea tangu alipobaki yatima, akashona sare za watoto wa watu hadi macho yakafifia. Leo, kwa mara ya kwanza maishani, mama wa watu anakwenda kustarehe.

Wiki iliyopita Sindano aliingia ofisi ya wakala wa safari, miwani myeusi, mtandio kichwani, akijifanya anapanga likizo. Wakala alinukia marashi tangu mlangoni.

“Hoteli, chakula, mashua za kuzunguka visiwa, vyote ndani,” alisema, akitandaza picha mezani. “Na sanduku jipya la magurudumu, zawadi ya kampuni!”

Zawadi! Chini ya kitambaa cha ndani walishonea vipande vya pembe za faru. Jina kwenye kibandiko lilikuwa la mteja. Wakala mwenyewe haligusi hata kwa kidole. Mteja hulichukua stoo kwa mkono wake. Utamshtaki kwa lipi? Mwalimu mmoja mstaafu alikamatwa na sanduku kama hilo huko ng’ambo, na mpaka leo yuko rumande, analia kwamba hajui kitu.

Siku ile Sindano alipenya stoo, akabandika kinasa-mwendo, kifaa cha kuonyesha mzigo ulipo, kidogo kama kifungo cha shati, kwenye sanduku lililokuwa likimsubiri mwenyewe. Mwenyewe akaingia, anacheka, tiketi mkononi.

Shangazi!

Sindano alijifunika uso akatoka kama mwizi.

Sasa alisimama uwanja wa ndege, nyuma ya nguzo, bastola ya Glock kiunoni. Kwenye skrini ya simu, alama nyekundu ilikuwa imeganda mtaani kwa shangazi.

“Mzee, kifaa kimekufa,” alinong’ona kwenye kisikilizio. “Abiria yuko foleni, alama bado inaonyesha nyumbani.”

“Achana nayo. Usimkaribie abiria.”

“Huyu mama atafungwa.”

“Tutamtoa baadaye.”

“Yule mwalimu mmemtoa?”

Basi, liwalo na liwe. Damu nzito kuliko maji. Sindano akaacha nguzo, akaanza kukata foleni.

Marashi yakamtangulia.

Wakala alikuwa amefika kuaga wateja wake, tabasamu hadi magego. Tabasamu likafa alipoona mzigo wa shangazi: sanduku kuukuu la kijani, zipu mbovu, limefungwa kamba.

“Mama, sanduku letu liko wapi?”

“Lile? Thubutu!” Shangazi aliangua kicheko. “Kitu kizuri vile wapakia mizigo wakakirushe kama gunia? Nimelifunika shuka, liko juu ya kabati. Litashuka siku binti yangu niliyemlea akiolewa. Kama ataolewa, maana huyo ameshaolewa na Idara ya Maji.”

“Lakini mama, ni sharti la kampuni…”

“Sharti? Tangu lini zawadi ikawa na masharti?”

Wakala macho yalimtoka. Wenye zile pembe hawakuwa watu wa kuambiwa samahani. Aligeuka, akaondoka nusu anakimbia.

Sindano alitaka kucheka, akajikuta analengwa na machozi. Kifaa kilikuwa kizima siku zote! Akavua mtandio.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. We! Nilijua huji.”

“Nimetoroka kazini.”

“Kumbe huwa mna kazi? Bomba langu la jikoni linavuja, nimekinga sufuria, na mtu wa maji ninaye mwenyewe. Haya, shika ufunguo.”

Sindano alimkumbatia, akashindwa kumwachia upesi.

“Nenda, shangazi. Kastarehe.”

Kisha mbio. Pikipiki yake ya Yamaha ilinguruma ikapita vichochoro vya nyuma, ikaliacha gari la wakala kwenye msongamano.

Chumba cha shangazi kilinukia sabuni. Cherehani imefunikwa. Kabatini, vikombe vya wageni bado vimo kwenye boksi lake, vinasubiri wageni wa kustahili. Juu ya kabati, shuka jeupe. Jikoni, bomba linadondosha maji. Sindano alijibanza nyuma ya mlango.

Kitasa cha mbele kikavunjwa.

Wakala aliingia anahema. Akapanda kigoda, akalivuta sanduku kifuani na, akiwa juu hapo hapo, akachana kitambaa cha ndani kwa kisu. Vipande vya pembe vikamjaa kiganjani.

“Likizo njema,” Sindano alisema.

Jamaa aligeuka na kisu. Teke moja likaondoa kigoda, na yeye na sanduku wakaanguka pamoja. Pingu zikalia.

“Si langu! La yule mama!”

“Kweli. Ndiyo maana umevunja mlango wake.”

Gari la kumchukua lilipofika alikuwa ameshawataja wapokeaji wote wa Vietnam, na wenye pembe pia, bila kuulizwa mara mbili. Askari wakalibeba na sanduku.

Kisikilizio kikakwaruza.

“Kazi nzuri, Sindano. Rudi ofisini.”

“Mzee. Ulijua abiria ni shangazi yangu?”

“Nilijua.”

“Na ungemwacha apite.”

“Kazi ni kazi, mwanangu.”

Mwanangu. Neno hilo lilimchoma. Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita hivyo, na mtu huyo wakati huo alikuwa angani, bila shaka anaomba kiti cha dirishani.

Sindano alikwenda jikoni. Akachomoa kisikilizio sikioni, akakitumbukiza kwenye sufuria iliyojaa maji. Akakunja mikono ya shati, akatafuta spana kwenye droo ya cherehani, na kwa mara ya kwanza akaifanya kazi ambayo shangazi aliamini anaifanya miaka yote.

Bomba likanyamaza. Akaketi mlangoni penye kitasa kilichovunjika, akawa analinda nyumba.