Shashi Zilizoibwa Wodi ya Wanaume

Kabati la vifaa lilikuwa wazi, na rafu za chini zilikuwa tupu kama mdomo wa kibogoyo. Kufuli lilining'inia zima. Inspekta aliinama akalitazama kwa karibu.

"Halikuvunjwa," alisema.

"Ndiyo maana nimewaita," alijibu katibu wa hospitali, akijifuta jasho shingoni. "Boksi zote za shashi za kufungia vidonda zimeibwa jana. Mpya kabisa. Na ufunguo anao mtu mmoja tu."

Mtu huyo alikuwa muuguzi msimamizi. Wagonjwa walimwita Mama Mikono, kwa kuwa hakuna aliyemgusa mgonjwa kabla yeye hajakagua kama amenawa. Inspekta alimkuta kando ya kitanda cha mzee aliyepooza, akimsimamia muuguzi kijana aliyeshika bomba la uji mwepesi wa kumlisha kwa mpira wa puani.

"Mama, mimi ni Inspekta wa polisi. Nina maswali."

"Subiri, mwanangu. Huyu anakula kwanza."

Katibu alikohoa. Mama Mikono hakugeuka.

"Binti, mpira wa puani umefika wapi?"

"Tumboni, mama. Nimevuta maji ya tumbo nikayapima."

"Na mbona umemlaza chali?"

Binti alinyanyua haraka kichwa cha kitanda.

"Hapo sawa. Uji ukirudi ukaingia mapafuni, umemzamisha baba wa watu juu ya godoro."

Uji ulipokwisha, Mama Mikono alimfuta mzee kidevu, akamnyoosha kola ya shati, ingawa hakuna mgeni aliyekuja kumwona. Mzee alifumba macho taratibu, kama anayeshukuru. Inspekta alijikuta amesimama kofia mkononi.

Kwenye kitanda cha pili alilala fundi baiskeli mwenye kidonda cha mguu.

"Afande, kama umekuja kunikamata, usihangaike na pingu," alisema. "Nitakimbilia wapi na tairi moja?"

"Wizi wa jana umeuona?"

"Sikuona kitu. Macho yangu nayo yamelazwa."

Inspekta aliutazama mguu. Ulifungwa vizuri, mweupe, bila doa.

"Umefungwa lini?"

"Leo asubuhi."

"Shashi zote ziliibwa jana. Hii imetoka wapi?"

Fundi alimtupia jicho Mama Mikono, kisha akageukia ukutani. "Afande, hilo swali lina misumari. Pita njia nyingine."

Inspekta hakuhitaji njia nyingine. Alimwomba msimamizi waingie ofisini kwake, pamoja na katibu na koplo wa kuandika.

"Kabati ulilifungua wewe?"

"Mimi."

"Boksi ziko wapi?"

"Kwenye kabati langu la nguo, hapo nyuma yako. Hazijapungua tangu nizichukue."

Koplo alifungua. Zilikuwemo zote, zimepangwa vizuri.

"Mama, si lazima useme lolote. Utakalosema litaandikwa, na laweza kutumika mahakamani."

"Nitasema. Andika, koplo, tena uandike mwandiko unaosomeka."

Alichukua shashi moja, akaivuta kidogo juu ya meza. Nyuzi zilipukutika kama manyoya ya paka.

"Nyuzi hizi zilibaki ndani ya kidonda cha fundi. Kikaoza huku kimefungwa. Wamemkwangua mara mbili, na daktari alishaanza kutaja msumeno. Nilimwambia katibu. Akasema nitumie kilichopo. Muuzaji ni shemeji yake."

"Uongo," alisema katibu.

"Shemeji yako si shemeji yako?"

"Na anazofungwa sasa?" aliuliza Inspekta.

"Nimeomba kwa wenzangu wa hospitali jirani."

"Kwa nini hukuja kituoni kushtaki?"

"Nilikuja. Askari wa kaunta alinipa kiti, tena kwa adabu. Kisha akaniambia shashi si kazi ya polisi, nirudi kwa mkubwa wangu. Nimelalamika, hakuja mtu. Nimeiba, umekuja."

Koplo aliacha kuandika, akakumbuka, akaendelea.

"Sasa jamani, tusifike mbali," katibu alisema kwa sauti laini. "Mama ni mtu mzima, anakaribia kustaafu. Rudisheni boksi wodini, mimi nafuta malalamiko, tumsamehe yaishe."

"Sitaki kusamehewa," alisema Mama Mikono. "Nataka kushtakiwa."

"Utapoteza kiinua mgongo chako, mama," Inspekta alimwambia polepole.

"Najua. Lakini boksi hizi zitawekwa mezani kwa hakimu, na hakimu ataniuliza kwa nini niliziiba. Hapo ndipo ninapotaka kufika."

Inspekta alivaa kofia yake.

"Koplo, tia lakiri boksi zote. Ni vielelezo. Hata moja hairudi wodini. Moja ipelekwe kwa mkemia. Na wewe, katibu, utafuata nyuma yetu uje kuandika maelezo. Njoo na shemeji yako."

Katibu alikaa bila kukaribishwa.

Walipotoka, binti muuguzi alikuwa mlangoni, machozi yanamlengalenga. "Mama, nani atatusimamia?"

"Wewe. Mgeuze mzee ubavu, mgongo wake usije ukachubuka. Na unawe."

Nje, Inspekta alimfungulia mlango wa mbele wa gari. "Kaa hapa, mama, kuna nafasi ya miguu."

"Ahsante, mwanangu. Mshtakiwa anakaa nyuma."

Akaingia nyuma, akauvuta mlango mwenyewe.