Sanduku la Jenerali

Kilichoanza ni harufu: ngozi iliyolowa na mafuta ya bunduki, ndani ya nyumba ya Sugar Land, Texas, inayonukia sabuni mwaka mzima. Dorothea alipiga deki korido, akarudia, akasonya. Harufu ilibaki palepale, mbele ya stoo.

Alikuwa ametoka shifti moja akaunganisha nyingine, miguu imemvimba, na kazi yenyewe ni kumgeuza, kumwogesha na kumlisha Bibi Gerda, kikongwe wa Kijerumani. Mchana huo, akikoroga supu, alisikia sauti ya mwanamume nyuma ya mlango wa stoo, imechoka kuliko yake.

"Hodi."

"Karibu," Dorothea akajibu, bila hata kugeuka.

Kijiko kikamtoka mkononi. Mtaa ule mzima waliojua Kiswahili ni wawili tu: yeye, na Esperance, Mkongo aliyemhudumia mzee wa nyumba ya ng'ambo ya barabara.

Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Ndani, sanduku la chuma.

Tangu hapo shingo yake ikaanza kuzama mabegani. Kila siku aliinama zaidi, kumnyanyua bibi ikawa shida, na kila alipopita koridoni buti zilimfuata taratibu, kama mtu anayesubiri mbebaji atangulie.

"Bibi, lile sanduku la nani?" Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka.

"La baba." Bibi Gerda alinong'ona, macho mlangoni. "Vita vya kwanza alikuwa luteni kwenu huko. Walilibeba watu. Mmoja akianguka akafa, mwingine analipokea. Vita vya pili akawa jenerali, akapeleka jeshi zima kwenye theluji ya Urusi. Wakazingirwa. Ndege ya mwisho ilipokuja, sanduku likapewa nafasi ya majeruhi. Yeye na sanduku wakarudi, akavishwa nishani. Alikufa kitandani, akiita mbebaji."

Dorothea alimfunika bibi shuka. Kwao Upare, babu wa babu yake alichukuliwa kubebea Wajerumani mizigo. Hakurudi.

Alipomweleza Esperance, huyu akamletea Mama Clothilde, Mkongo mwenzake, mwombezi wa mtaa wa Gulfton, mwenye chupa ya mafuta na magoti mabovu. Mama akanusa korido, akarudi haraka barazani.

"Alibisha hodi?"

"Alibisha."

"Na weye ukamuitikia?"

"Nilikuwa nimechoka, mama!"

"Basi mimi hatanisikia, sikumukaribisha. Ni weye utamusindikiza mpaka ku barabara." Akamshika mkono, akashusha sauti. "Lakini angalia, dada. Mugeni akienda, siye tunamupokea muzigo, tunamubebea. Anajua ile. Usiguse!"

Dorothea akaingia mpaka mlangoni pa stoo. "Haya, mgeni. Twende nikusindikize."

Akatangulia, na buti zikaja nyuma, na nyuma ya buti chuma kikiburutwa sakafuni, na nyuma ya chuma miguu mitupu, mingi, na kikohozi cha watu walionyeshewa wiki nzima, na nyuma ya hao wengine waliokanyaga kama wanaozama kwenye theluji, mpaka jasho lake la joto la Texas likageuka baridi mgongoni, na uani jua lilikuwa linawaka, na hakuthubutu kugeuka, na barabara ilikuwa palepale, na haikufikika, mpaka ikafikika.

"Mzigo," sauti ikasema sikioni, kwa upole wa mtu aliyechoka sana.

Mkono wake ukanyooka wenyewe nyuma. Tangu utotoni alikuwa akipokea mizigo ya wageni. Kidole kikagusa ubaridi wa mshikio, na hapo hasira ikampanda.

"Beba mwenyewe! Watu wameisha chini ya hilo kopo lako! Huna haya, mtu mzima?"

 Kisha, polepole, chuma kikakwaruza lami kuelekea mbele.

Shingo yake ikanyooka. Dorothea akavuta pumzi mpaka machozi yakamtoka. Barazani Mama Clothilde alikuwa anapiga makofi, anamshukuru Mungu.

Chuma bado kinakwaruza. Kimevuka barabara. Ng'ambo, gereji ilikuwa wazi, Esperance ameinamia pipa la takataka, mgongo kwao.

"Hodi," Dorothea akasikia, vizuri kabisa.

"Esperance! Nyamaza, usi—"

"Karibu," Esperance akaitika bila hata kugeuka, kwa sauti ya mtu aliyetoka shifti moja akaunganisha nyingine.