Uji wa Ndiyooo

Sogeeni karibu. Bado kidogo. Haya, leo nina habari ya Sekela na kikombe chake cha uji.

Sekela ana miaka sita. Anakaa Tukuyu, mlimani, ambako baridi ya asubuhi hung'ata vidole. Na anapenda sana kuuliza. Hata mbuzi wa jirani amewahi kuulizwa maswali.

Kila siku saa nne, kengele ya shule hulia. Ngo! Ngo! Ngo! Watoto hupanga mstari mbele ya jiko. Mpishi wao ni Mama Tusekile. Huwachotea uji kwa upawa. Chwaa! Chwaa!

Kisha huuliza, "Wanangu, uji mtamu?"

Na watoto wote hujibu kwa pamoja, "Ndiyooo!"

Hujibu hata kabla ya kuonja. Ndivyo walivyozoea.

Siku moja, Sekela alipuliza uji wake. Fuu, fuu. Akanywa kidogo. Fyuuu.

Puh! Macho yakamtoka. Uji ulikuwa na chumvi! Si chumvi kidogo. Chumvi tele!

"Wanangu, uji mtamu?" akauliza Mama Tusekile.

"Ndiyooo!" akaitikia Gwamaka, mtoto mrefu kuliko wote.

"Ndiyooo!" akaitikia Bupe, anayekaa dawati moja na Sekela.

"Ndiyooo!" likaitikia darasa zima.

Na Sekela je? Sekela naye akafungua mdomo. "Ndiyooo!"

Ulimi ulisema hapana. Mdomo ukasema ndiyo. Kwa nini?

Mama Tusekile alifurahi. Yeye hanywi uji, ni mtu wa chai. "Basi na kesho nitapika hivi hivi!" akasema.

"Ndiyooo!" wakaitikia watoto.

Sekela akajipenyeza nyuma ya darasa ili amwage uji wake. Lo! Huko nyuma akamkuta Bupe. Akamkuta na Gwamaka. Akawakuta wote! Wanamwaga uji. Chwaa! Chwaa!

Kuku wa shule akaja mbio. Akadonoa uji. "Kwaaa!" Akakimbia. Kuku hakusema ndiyo.

"Bupe, uji wako una chumvi?" akauliza Sekela.

"Una chumvi kweli kweli!"

"Mbona ulisema ndiyo?"

"Si Gwamaka alisema ndiyo? Yule mkubwa, anajua."

Sekela akamwendea Gwamaka. "Mbona ulisema ndiyo?"

"Mimi nilisema tu kama jana," akajibu Gwamaka. "Nilipoonja, nyote mlikuwa mmeshaitikia. Nikafikiri ulimi wangu ndio mbovu. Na wewe je?"

Sekela akafikiri. Akafikiri tena. Hakujua.

"Twende tukamwambie Mama Tusekile," akasema.

"Tangulia wewe," akasema Bupe.

"Tangulia wewe," akasema Gwamaka.

Hakutangulia mtu. Vikombe vikarudi jikoni vitupu. Matumbo nayo yakabaki matupu. Guru-guru-guru, mpaka mchana.

Jioni, Baba alikuwa akimenya ndizi za kupika. Sekela akakaa karibu naye.

"Baba, huu mdomo ni wa nani?"

"Ni wako, mwanangu."

"Mbona unasema maneno ya watu wengine?"

Akamsimulia habari yote ya uji. Baba akacheka. "Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali."

"Na kama nyuki wenyewe wamepotea?"

Baba akaacha kumenya. "Ee! Hilo sijawahi kulifikiria."

Wakafikiri pamoja, baba na binti.

"Unajua asubuhi unapotoka ndani ya blanketi?" akauliza Baba.

"Baridi! Brrr!"

"Basi, kusema peke yako ni hivyo hivyo. Tukiwa wengi tunapata joto. Hata mimi hupenda kubaki ndani ya blanketi."

"Lakini ukibaki humo siku nzima, utakosa uji," akasema Sekela.

"Utakosa," akakubali Baba.

Kesho yake, kengele ikalia. Ngo! Ngo! Ngo! Mstari ukapangwa. Upawa ukachota. Chwaa! Chwaa!

Sekela akapuliza. Fuu, fuu. Akaonja. Fyuuu. Puh! Chumvi vile vile! Tumbo lake likaanza kulia mapema. Guru-guru.

"Wanangu, uji mtamu?"

"Ndiyooo!"

Ulimi wa Sekela ulisema hapana. Na mdomo? Mdomo ulikuwa umefumbwa. Moyo ulikuwa unapiga. Du! Du! Du!

"Hapana," akasema Sekela. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Mama Tusekile akainua upawa. "Nani kasema?"

Watoto wote wakamgeukia Sekela. Masikio yake yakapata moto. Aliogopa sana, jamani.

"Mimi, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Unasemaje, mwanangu?"

"Uji una chumvi."

Gwamaka akatazama viatu vyake. Sekela akatamani kulia.

Ndipo sauti nyingine ndogo ikasikika nyuma yake. "Na wangu una chumvi." Alikuwa Bupe!

Sekela hakuwa peke yake tena.

"Na wangu!" akasema Gwamaka.

"Na wangu! Na wangu! Na wangu!"

Mama Tusekile akachota kidogo. Akaonja. Puh! "Mama yangu weee!"

Akafungua kopo la sukari. Akalamba kidole. "Chumvi! Nimejaza chumvi kwenye kopo la sukari! Na jana je?"

"Na jana," wakasema watoto.

"Mbona vikombe vilirudi vitupu?"

Watoto wakamtazama kuku. Kuku akatazama pembeni.

Mama Tusekile akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Wanangu, mmeshinda na njaa ili mnifurahishe mimi? Msifanye hivyo tena. Mimi napenda mshibe."

Akamvuta Sekela karibu. "Asante, binti yangu. Umeniponya."

Akabandika sufuria nyingine. Akakoroga. Safari hii alionja kwanza, yeye mtu wa chai! Kisha akachota. Chwaa! Chwaa!

"Wanangu, uji mtamu?"

Hakujibu mtu. Wote walikuwa wanapuliza. Fuu, fuu. Wote walikuwa wanaonja. Fyuuu.

"Ndiyo," akasema mmoja.

"Ndiyo, ila wa moto," akasema mwingine.

"Ndiyo, mtamu sana!" akasema Bupe.

"Hapana!" akasema Gwamaka.

Wote wakageuka. Upawa ukabaki hewani.

"Ni kidogo," akasema Gwamaka. "Niongezee."

Wakacheka wote, na Mama Tusekile akamwongezea. Chwaa! Kisha akamgeukia Sekela.

"Na wewe, mwanangu? Uji mtamu?"

"Subiri kwanza, Mama," akasema Sekela, na mdomo umejaa uji. "Bado naonja."