Nimeshiba

Kengele ya asubuhi ilipolia, Kitinda alitandika kitanda, akanawa uso kwa maji yaliyomkata kama wembe, kisha akapanga foleni bwaloni. Alikuwa kitindamimba wa kwao, ndiyo maana akaitwa hivyo, na sasa alikuwa ugenini, nchi ya mbali, alikopata nafasi ya masomo ambayo wengi waliitamani. Mpishi aliinua upawa, akamwuliza kama atakula uji.

"Ahsante, nimeshiba," alijibu Kitinda, macho chini.

Babu yake alimfunza kwamba mtoto aliyelelewa hakidakii chakula. Hukataa kwa upole, mwenyeji akamsihi, akakataa tena, ndipo akapokea. Mpishi huyu hakuwa na habari ya kusihi. Upawa ulipita kwa mwanafunzi wa nyuma, na Kitinda akaambulia kikombe cha chai.

Mambo yakawa hayo kila mlo. Hata mlezi wa bweni alipomwuliza kama blanketi moja lamtosha, alisema lamtosha, akalala amejikunja kama jongoo. Wenzake wakambandika jina.

"Wewe Nimeshiba, leo umeshiba hewa au umeshiba ukuta?" alimtania jirani yake wa kitanda.

Meza nzima ikaangua kicheko. Kitinda alicheka nao, kisha akajifungia msalani akalia kwa kwikwi. Aliamini kwamba katika nchi ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemtaka. Babu alipopiga simu, alimwambia kwamba anakula vizuri.

Njaa haina adabu. Katika kipindi cha mazoezi ya viungo alianguka uwanjani kama gunia. Alipozinduka katika chumba cha wagonjwa, muuguzi alimwuliza alikula lini, akasema amekula. Mwalimu mkuu, aliyesimama kando ya kitanda, akatikisa kichwa. Mtoto dhaifu namna ile, alisema, hawezi kukaa bwenini, heri arudishwe kwao. Akampigia Babu simu kumwarifu, kisha akampa Kitinda simu aongee naye.

Masomo yote yalikuwa yakimponyoka. Kitinda alishika simu kwa mikono miwili.

"Babu, siumwi. Nina njaa. Kila siku nasema nimeshiba, na hapa hawanisihi."

 Kwa sauti kavu, Babu akamwamuru ayarudie maneno hayo mbele ya wakubwa waliokuwa pale. Kitinda aliyarudia. Muuguzi hakungoja zaidi. Alitoka, akarudi na bakuli la supu. Mwalimu mkuu akasema safari ya kurudi haipo tena.

Kitinda alikunywa kijiko kimoja, machozi yakidondokea bakulini. Bado alikuwa mpweke, bado kwao kulikuwa mbali.

"Nilikufunza usiwe mroho," alisema Babu kwenye simu. "Sikukufunza uongo. Anayekuuliza kwa nia njema ana haki ya jibu la kweli, na kumdanganya ni kumvunjia heshima, hata ukimdanganya kwa upole. Haya, kula, mjukuu wangu. Kulia utalia ukishamaliza."