Tovuti ya Marehemu

"Duka limebadilishwa kufuli," sauti ya mkubwa wake ilisema kwenye simu ya setilaiti. "Kalifungue."

Simu ikakatwa.

Akanisi Naulu, mpelelezi wa magendo, aliongeza mwendo. Hilux ikapanda mlima kwa kishindo, ikiuacha mji wa Savusavu nyuma. Kwenye kioo aliiona Prado nyeusi ikikata kona ileile aliyotoka kuikata yeye.

Wafanya magendo walikuwa wameshamjua.

Kufuli lenyewe lilikuwa tovuti. Bi Torika alikuwa na maboya ghubani, akiwakodishia wenye yoti wafunge vyombo vyao. Mwezi uliopita fundi aliyemtengenezea tovuti, Shalvin Lal wa Labasa, aliokotwa gatini amekufa maji. Laptopu yake haikuonekana. Tangu hapo Torika hakuweza kubadilisha hata nukta moja kwenye tovuti yake mwenyewe.

Wenye laptopu waliweza.

Ukurasa wa mbele ukisema *Nafasi zipo*, yoti ya magendo huingia. Ukisema *Tumejaa*, hugeuka, na mzigo hutoswa baharini. Leo yoti iitwayo Corvina ilikuwa njiani na kokeni ya kutosha kuharibu kisiwa kizima. Nahodha wake angesoma ukurasa mara tu simu yake ingeshika mtandao karibu na nchi kavu. Boti ya doria ilikuwa imejibanza nyuma ya rasi, ikimngoja.

Na ukurasa ulisema *Tumejaa*: wenye laptopu walikuwa wameshanusa mtego.

Akanisi alimpigia Torika. Torika alikuwa akiongea tangu alfajiri na kampuni iliyosajili anwani ya tovuti, na sauti ilikuwa imemkauka. Kila aliyepokea alimjibu yaleyale kwa upole uleule: tovuti imeandikwa jina la Shalvin, kwa hiyo Shalvin mwenyewe ndiye aombe.

"Nimewaambia amekufa," alisema Torika. "Wakaniuliza kama anaweza kuthibitisha kwa barua pepe."

"Njia nyingine?"

"Kuna namba ya siri wanayotuma kwenye simu yake. Simu aliisahau kwa mama yake siku ile."

"Nakwenda huko. Kaa hapohapo kwenye kompyuta."

Kwenye mteremko wa kuingia Labasa, lori la miwa lilikuwa mbele yake, limejaa pomoni, likijikokota. Upande wa pili magari hayakatiki. Akanisi alikuwa na bastola ya Glock 17 chini ya kiti, fulana ya kuzuia risasi, na redio inayosikika mpaka Suva, mji mkuu. Akabaki akitazama ncha za miwa zikitikisika.

Prado ikamgonga kwa nyuma.

Akaushika usukani. Ikamgonga tena. Palipotokea upenyo alichomoka, akalipita lori huku dereva wake akimtukania mama yake kwa Kihindi.

Bi Kamlawati, mama yake Shalvin, alikuwa uani akianika pilipili. Akanisi alimwamkia, akaomba simu ya mwanawe. Mama alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, akamwingiza ndani. Simu ilikuwa mbele ya picha ya Shalvin yenye shada la maua, imechomekwa kwenye chaji.

"Naichaji kila siku," alisema. "Nikipiga, nasikia sauti yake akiniambia niache ujumbe."

"Sitaichukua, mama. Nahitaji namba itakayoingia. Unisomee tu."

"Polisi walisema aliteleza. Wewe unasemaje?"

Akanisi alikuwa amekula kiapo. Siri za kazi hazisemwi, hata kwa mzazi. Nje, mlango wa gari ulifungwa.

"Hakuteleza, mama. Walitaka awape tovuti. Akakataa."

Mama aliketi. Kisha akaanza kutafuta miwani yake.

Akanisi alimpigia Torika, naye akaomba namba kwenye kompyuta. Simu ikalia. Mama akasoma tarakimu moja moja, akakosea, akarudia. Torika akaiingiza.

"Imeshapitwa na muda," alisema.

"Omba nyingine."

"Nimeomba. Inazunguka tu."

Akanisi alisimama nyuma ya mlango, bastola mkononi. Wanaume wawili walikuwa wanavuka ua, wakikanyaga pilipili. Adui aliyemwona angeweza kumkabili. Lile duara linalozunguka kwenye kompyuta ya Torika hakuwa na la kulifanya.

Simu ikalia.

"Tano," mama alisoma. "Moja. Moja. Nane. Hii sijui sita, sijui sifuri."

"Itazame vizuri, mama. Pole pole."

"Sita. Halafu tatu."

Mwanamume wa mbele aliupiga mlango teke. Ukafunguka. Akakuta mtutu wa Glock usoni mwake, akaganda. Wa pili akageuka mbio. Akanisi akafyatua risasi moja kwenye tairi la Prado, na yule akalala kifudifudi kwenye pilipili bila kuambiwa.

"Nimeingia!" Torika alipaza sauti. "Nimewatoa wote. Nimeandika *Nafasi zipo*."

Ikabaki kungoja. Wanaume walifungwa pingu. Mama alichemsha chai, kwa kuwa mikono yake ilikosa kazi nyingine. Hakuna aliyejua kama nahodha alikuwa ameshausoma ukurasa. Akanisi alikaa na redio mapajani.

Redio ikakwaruza. Ilikuwa boti ya doria.

"Mvuvi kwa Duka. Samaki kaingia mwenyewe. Yuko nyavuni."

"Duka limesikia."

Polisi wa Labasa walipowachukua wale wawili, mama aliwasindikiza kwa macho.

"Ni yupi kati yao?"

"Sijui, mama. Huenda hatutajua."

Torika alikuwa bado hewani. Akanisi alimsikiliza, kisha akamgeukia mama.

"Kuna jambo. Ili tovuti irudi kwa mwenyewe, imebidi jina la Shalvin litolewe kwenye usajili. Namba yake ya simu pia."

"Mmemfuta."

"Ndiyo."

Mama aliichukua simu ya Shalvin, akaifuta kioo kwa ncha ya sari, akapiga kutoka kwenye simu yake ndogo. Sauti ya kijana ikasema aache ujumbe.

Akanisi akavaa miwani ya jua, akatoka, akaanza kutembea kuelekea kwenye Hilux yake barabarani. Nyuma yake mama alikuwa anaongea, taratibu, akimweleza mwanawe yaliyotokea.