Mwanamke wa Pili Kisimani

Kokubanza aliijua sinema ile kuliko alivyoujua uso wake mwenyewe, ndiyo maana alikuwa na hakika kuwa pale kisimani hapakuwa na mtu mwingine.

Ilikuwa mwaka 1956, jioni ya kwanza tangu arudi Bukoba kwa mapumziko. Shuka jeupe lilikuwa limefungwa kati ya nguzo mbili uwanjani, gari la sinema la serikali likiwa nyuma ya umati, na Lameki, fundi wa mashine, akiinamia mkanda wake. Kokubanza wa kwenye shuka, yule mke mkaidi aliyewavunja watu mbavu kutoka Lindi mpaka Kigoma, alikuwa anakwenda kisimani na mtungi kichwani. Watu walimpigia makofi kabla hajafungua mdomo. Nyuma yake, vichakani, alisimama mwanamke mwenye gauni jeupe lililomganda mwilini kama nguo iliyotoka majini.

Sinema ilipokwisha alimfuata Lameki.

"Yule wa nyuma yangu ni nani?"

"Nyuma yako wapi, dada? Pale uko peke yako. Nimeionyesha hii zaidi ya mara mia." Lameki alianza kukunja shuka, akasita, akajipangusa viganja kwenye suruali. "Ajabu. Limelowa, na mvua haijanyesha."

Kokubanza alisogea akasikia harufu. Ilikuwa harufu ya tope la bwawani, la chini kabisa, penye mizizi ya matete.

Asubuhi, nyumbani kwa baba yake huko Hamugembe, nyasi zilizotandikwa sakafuni zilikuwa zimelowa kwa mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kitandani kwake. Mama yake aliwagombeza watoto. Kokubanza alizizoa zile nyasi mwenyewe akazitupa kwenye migomba, maana alijua.

Miaka minne nyuma, walipokuja Wazungu wa sinema kutafuta binti wa kuigiza, alikuwa anajifunza ushonaji mjini pamoja na rafiki yake Felicitas wa Kagoma, upande wa Muleba. Walilala chumba kimoja, wakala sahani moja. Wazungu waliwajaribu mabinti kumi na wawili. Felicitas alipotembea tu mbele ya kamera, yule mkubwa wao alivua kofia. Kokubanza alikuwa wa pili. Wa pili maana yake abaki Bukoba akishona vifungo.

Usiku ule ule aliandika barua isiyo na jina kwa Rugemalira, baba yake Felicitas, katekista mkali. Aliandika kuwa mabinti wa sinema wanalazwa nyumba moja na Wazungu, na kwamba Felicitas ameshaanza. Rugemalira alimfuata binti yake, akampeleka Kagoma na kumfungia kwenye ghala la kahawa. Siku ya tatu Felicitas alipenya, akakimbia na gauni lake la kanisani ili aiwahi meli ya Mwanza. Mvua ilikuwa imejaza bonde. Walimpata kwenye matete.

Meli iliondoka na Kokubanza. Huko Dar es Salaam alicheza sinema tatu. Picha yake ilibandikwa kwenye kuta za maduka, na wanawake wakajifunza kufunga kitambaa kama yeye. Kila aliposifiwa alitabasamu, na tabasamu lile halikuwahi kumshinda.

Wiki iliyofuata gari lilikwenda Nyanga, na safari hii mwanamke hakuwa vichakani tena, alikuwa kisimani penyewe, amewapa watu mgongo, maji yakimchuruzika kutoka kwenye nywele. Watoto wa mbele waliuliza yule ni nani. Lameki naye alimwona. Kesho yake, mchana, aliukunjua mkanda wote dirishani akautazama picha moja moja kwa jua, akamwita Kokubanza.

"Humu hayumo," alisema kwa sauti ya chini. "Dada, hili ni jini. Nenda kwa Kashaija kabla halijageuka likatutazama."

Kashaija alikuwa mfumu, mganga wa jadi, ambaye Wakristo walimwendea kwa kupitia nyuma ya nyumba. Kokubanza alimkuta akianika kahawa. Alimsikiliza bila kuacha kazi yake.

"Watu wa mjini huita jini," alisema. "Huyu ni mzimu, na mzimu una kwao. Ana mama?"

"Anaye. Alistidia. Baba alikufa mwaka uliofuata. Wanasema alikuwa akilia kuwa maji yanaingia kitandani."

"Basi mimi simuwezi. Mtoto hutii mama. Nenda Kagoma."

Alikwenda na basi la asubuhi. Alistidia alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyebaki na kibanja cha migomba na mbuzi wawili. Alimkaribisha ndani, akamkalisha kwenye mkeka, lakini kikapu cha kahawa ya kutafuna, ambacho hakuna mgeni wa Buhaya anayekosa kuletewa, kilibaki kimening'inia ukutani. Kokubanza alipiga magoti.

"Ma, nisamehe. Ile barua niliiandika mimi."

Nje mbuzi walisikika wakitafuna.

"Mimi sijui kusoma," alisema Alistidia. "Nilijua tu kuwa kuna mkono ulioandika. Siku tuliyomzika niliinama kaburini nikamwambia, mwanangu, usilale, mtafute. Miaka minne nimengoja kujua ni nani. Wewe! Wewe uliyekuja likizo hapa ukala ndizi zangu, bitoke vyangu!"

"Ma, mwite arudi. Nakuomba."

"Gari la sinema linakuja hapa Jumamosi. Simama mbele ya watu useme ulichoniambia mimi. Ukisema kwa mdomo wako, nitamwita."

"Nitasema, waitu," alisema kwa heshima ya Kihaya. "Naapa nitasema."

Na kweli alikusudia kusema. Lakini Jumamosi, jua lilipozama, uwanja wa Kagoma ulijaa kuliko hata Bukoba. Machifu wadogo walikuwa kwenye viti, masista walikuwa wamesimama, wasichana walimgusa kitambaa na kulitaja jina lake kama wanaonja asali. Alisimama mbele ya shuka. Akamwona Alistidia mstari wa mbele, ameketi chini, mikono mapajani. Kokubanza alifungua mdomo, na tabasamu lake likaja lenyewe.

"Nimefurahi kuwa nyumbani," alisema. "Tazameni sinema."

Alistidia hakusogea.

Lameki aliwasha mashine, na pale kisimani mwanamke wa gauni jeupe akaanza kugeuka, taratibu, kana kwamba shingo yake ilikuwa imeshikwa na mizizi, akageuka mpaka watu wa Kagoma, waliombatiza na kumzika, wakauona uso wake na mama mmoja akapiga yowe kwa Kihaya, "Mawe, mama wee! Felicitas!", na wakati huohuo kipaza sauti kikakoroma, muziki ukafa, ikatoka sauti ambayo kila mtu Tanganyika aliijua, sauti ya Kokubanza mwenyewe, tamu na safi, ikisoma barua ile tangu salamu mpaka mwisho, jina la Rugemalira, nyumba ya Wazungu, uongo mmoja baada ya mwingine, na Kokubanza akapiga kelele ili aifunike, akasikia koo lake halitoi kitu, akakimbilia shuka alichane, akalishika kwa mikono miwili, na upande wa pili wa kitambaa kile chembamba mkono wa baridi, uliolowa, ukamfunika mdomo.

Lameki alizima mashine. Walimkuta chini, ametapakaa tope ambalo halikuwapo popote uwanjani. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Watu walimzunguka kwa mbali wakaenda zao.

Hakusema tena. Madaktari walitazama koo lake wakasema zima. Barua kutoka Dar es Salaam zilikuja, zikapungua, zikakoma. Alikaa Hamugembe nyuma ya nyumba ya baba yake, akibadilisha nyasi za sakafuni kila asubuhi, na kila asubuhi zilikuwa zimelowa.

Sinema ziliendelea kuzunguka. Kwingine kote, Lameki alisema, Kokubanza alikuwa peke yake kwenye shuka kama kawaida, ila mdomo ulicheza bila sauti. Lakini Kagoma na Muleba Felicitas alitokea kila mara. Alistidia alitembea maili kumi na mbili kumfuata, akaketi mbele kabisa. Na binti yake, wanasema walioona, alipiga magoti kisimani, akaangalia chini kama mtoto mwenye adabu, akamwamkia mama yake kwa Kihaya, na mama akaitikia.

Mwishoni Kashaija aliona huruma. Alikwenda kwa Alistidia mchana mmoja na kuketi kwenye mkeka. Yeye aliletewa kahawa.

"Mama, msichana anakwisha. Hali chakula, halali usingizi. Amelipa. Mwite mwanao arudi apumzike."

"Nimwite arudi wapi?" aliuliza Alistidia. "Kaburini? Hapa ninamwona, Kashaija. Ananiamkia. Mwambie huyo wa Hamugembe angoje mpaka nitakapokufa."

Kashaija aliitafuna ile mbegu ya kahawa. Alistidia alikuwa na miaka hamsini na miwili, meno yote kinywani, na mama yake mzazi, aliyekaribia mia, alikuwa nje pale akipalilia maharage.